Mgonjwa wa misuli naye anahitaji mazoezi

Kwetu mtu akiumwa, mapenzi huonekana kwa kumwondolea kazi. Anapikiwa, anafuliwa, hata glasi ya maji analetewa kitandani. Lakini yapo maradhi ambayo huruma hiyo ikizidi humdhoofisha mgonjwa. Mojawapo ni uvimbe wa misuli, ambao madaktari wanauita mayositisi.

Ni maradhi adimu, ya jamaa moja na lupasi, na hayaambukizi. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaishambulia misuli yenyewe, hasa ya mapaja, nyonga na mabega. Aina ya dematomayositisi hugusa na ngozi, vipele vikatokea kwenye kope na juu ya vifundo vya vidole.

Dada yangu anaishi Fisksätra, mtaa wa magorofa ya miaka ya 1970 katika manispaa ya Nacka, pembeni ya Stockholm. Kwake yalianzia kwenye msala: kusujudu anaweza, kuinuka hawezi mpaka ashike kiti. Baadaye hata kuchana nywele kukawa kazi. Mama akipiga simu kutoka Maskati, neno lake lilikuwa moja: "Mwanangu usijitaabishe, we pumzika tu."

Mama hakuwa peke yake. Kwa miaka mingi madaktari nao walihofia kwamba mazoezi yatazidisha uvimbe. Jawabu moja lilitoka Stockholm hapo hapo. Mwaka 1999 Helene Alexanderson, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Karolinska, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 ambao maradhi yao yalikuwa yametulia. Kwa wiki 12, siku 5 kila wiki, walifanya mazoezi nyumbani dakika 15 na kutembea dakika 15. Misuli ilipata nguvu, na vipimo havikuonyesha uvimbe kuongezeka. Mwaka 2000 wakatoa matokeo ya wagonjwa wapya, ambao maradhi yao bado yanawaka, nao hawakudhurika.

Mazoezi hayaondoi dawa. Dawa za kotisoni ndizo zinazotuliza uvimbe, ila zikitumiwa muda mrefu nazo hupunguza nguvu za misuli na mifupa. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika.

Dada alipewa mambo madogo: kuinuka kwenye kiti kirefu bila kushika, kuinua mikono, kuvuta kamba ya mpira. Idadi inaandikwa, inaongezwa kidogo kidogo. Sasa kiti chake ni kifupi zaidi, na Mama siku hizi anauliza, "Leo umeinuka mara ngapi?"

Kama nyumbani kwenu yupo mgonjwa kama huyu, muulizeni daktari wake awaelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Msijipangie mazoezi wenyewe. Anachoweza kukifanya mwachieni akifanye, hata kama anachelewa. Akichoka apumzike, na akishindwa kusimama aswali kwa kukaa, dini imemruhusu. Lakini udhaifu ukizidi ghafla, akapaliwa na chakula au pumzi zikambana, hapo si suala la mazoezi tena: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.