Treni Isiyo na Kichwa

Je, umewahi kusimama pale stesheni ya Syokimau ukajiuliza kichwa cha treni kiko wapi? Wengine walipoziona treni hizi mwaka wa 2020 walinung'unika: "Tumeletewa makuukuu!" Hebu tuelezane.

Ni kweli, si mpya. Treni hizi za dizeli zilikuwa zikibeba abiria katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Huko reli ilitiwa umeme, nazo zikakosa kazi. Kenya ikanunua 11.

Kwa nini zilitufaa? Ni kwa sababu ya upana wa reli. Reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawasawa na ile yetu ya zamani iliyofika Nairobi mwaka wa 1899. Ile reli mpya ya Mombasa ina milimita 1,435, kwa hivyo treni hizi haziwezi kupita huko.

Na kichwa je? Injini imefichwa chini ya sakafu, na dereva ana chumba chake huku na huku. Treni ya kawaida ikifika mwisho, kichwa hufunguliwa kikazungushwa upande wa pili. Hii, dereva anahama tu, safari inaanza tena. Abiria hangoji sana.

Lakini tuwe macho. Treni haiwezi kumkwepa mtu, wala haisimami papo hapo. Wazazi, tuwafundishe watoto wetu: reli si njia ya mkato, wala si uwanja wa kuchezea. Kabla ya kuvuka, simama, tazama pande zote mbili, sikiliza.