Gari juu ya mawe: hesabu ya Probox iliyochoka Oyugis

Ukitoka Oyugis kwa barabara ya Kendu Bay, au ukifuata ile kuu ya A1 kuelekea Sondu, halikosekani boma lenye gari lililopandishwa juu ya mawe. Magurudumu yalishaondoka, boneti imefungwa kwa kamba, kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma. Muulize mwenyewe, atakwambia linangoja injini. Uliza tena mwaka ujao, jibu ni lilelile.

Mwenye gari kuukuu ana njia mbili za kupata pesa: alitengeneze lirudi kazini, au alichinje auze viungo. Wengi huchagua ya tatu, kungoja, na hiyo ndiyo pekee isiyolipa.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Probox. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kampuni, la kubeba sampuli na makaratasi. Huku Rachuonyo, upande wa Oyugis, linabeba viazi vitamu vya Kabondo, omena kutoka Kendu Bay, wanafunzi siku ya kufunga shule, na watu wengi kuliko wale watano waliokusudiwa. Lami ya A1 imekarabatiwa kutoka Isebania hadi Ahero, lakini viazi havioti kwenye lami. Vinatolewa shambani, kwenye njia za mawe na matope, na huko ndiko springi, bushi na shokabzoba hufia.

Kwa nini mtu ahangaike na gari la zaidi ya miaka 15 badala ya kununua jingine? Jibu liko bandarini Mombasa. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo linaloingia mwaka 2026 lazima liwe lilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye. Kisha inakuja kodi. Ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500, VAT ya asilimia 16, ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Kwa kuwa ushuru wa bidhaa na VAT hupigwa juu ya kodi zilizotangulia, jumla inapita asilimia 90 ya thamani ambayo forodha imelikadiria gari. Mkulima wa viazi akinunua gari moja, ni kama amenunua mawili, moja lake na moja la serikali. Ndiyo maana Probox kuukuu haishuki bei jinsi umri wake ungetaka.

Sasa tuje kwenye swali la garaji. Wenye magari wengi huogopa kisichostahili kuogopwa, yaani injini. Injini ikichemsha hadi gasketi ikaungua, au ikianza kunywa oili, mwenye gari hujiona amefiwa. Lakini ile 1NZ-FE ya Probox ya sisi 1500 ndiyo hiyohiyo iliyofungwa kwenye Fielder, Vitz na Premio za miaka ile. Nyingine iliyotumika Japani hupatikana Kisumu, na ikikosekana huko, Kirinyaga Road jijini Nairobi haikosi. Injini hutolewa, ikafungwa nyingine, gari likaondoka. Usisahau tu kubadilisha namba ya injini kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, la sivyo utajieleza siku ya kuuza.

Kinachoua Probox ni bodi. Gari hili halina chesisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Kutu ikila pale shokabzoba inaposhikilia, au bodi ikijipinda kwa miaka ya magunia juu na watu ndani, hakuna spea ya kununua. Dalili zake hazifichiki. Mlango unafungwa kwa bega. Tairi jipya linalika upande mmoja ingawa gari limepimwa jana. Fundi wa kuchomelea atakushonea leo, na miezi miwili baadaye utamrudia na ufa uleule, umesogea kidogo tu.

Nitoe mfano wa hesabu. Tuseme Probox yako ikiwa nzima ingeuzwa Sh350,000. Ilivyo sasa, mnunuzi anatoa Sh120,000, na fundi anataka Sh130,000. Haraka haraka utasema tengeneza, maana 120,000 na 130,000 ni 250,000, bado unabaki na laki moja. Hesabu hiyo ni ya mtu anayeuza. Wewe hutaki kuuza, unataka gari lifanye kazi. Kama dereva anakuletea Sh1,500 kwa siku baada ya mafuta, pesa ya fundi itarudi baada ya siku 87 za kazi, yaani zaidi ya miezi mitatu. Je, gari litakaa miezi mitatu bila kuomba kitu kingine? Bodi ikiwa imara, litakaa. Ikiwa imelika, hutafika siku ya 40, hata injini iwe inalia kama mpya.

Hapo ndipo kuchinja kunapoingia, nako kuna ujanja wake. Kwenye karatasi, jumla ya viungo hupita bei ya gari zima: injini, giaboksi, milango, taa, rimu, redieta. Lakini mnunuzi wa injini yuko Kisumu au Kisii. Anayekuja kwako Oyugis anataka kioo kimoja cha pembeni na taa ya kushoto. Vinavyotafutwa huondoka wiki ya kwanza, kisha unabaki na gamba linalonyeshewa. Ukiliacha kwenye uwanja wa garaji ni vibaya zaidi, kwa sababu huko magari huchinjwa bila mwenyewe kuitwa. Leo stata imeazimwa, kesho altaneta. Kwa maoni yangu, kama huna mnunuzi wa injini na giaboksi kabla ya kufungua nati ya kwanza, liuze zima kwa anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Kinachosalia nacho kina soko. Bloku ya injini hii ni ya alumini, na alumini kuukuu huyeyushwa na mafundi wa jua kali ikawa sufuria. Tairi huwa akala. Ule mtungi wa kuchuja moshi kwenye ekzosi una platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanaonunua wanajua bei yake kuliko wewe, kwa hiyo uliza watu watatu kabla ya kuutoa. Gamba huenda kwa kilo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka mnunuzi awe na leseni. Mwaka 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa miezi kadhaa; waliokuwa na magamba uani walikwama nayo.

Kitu kimoja hakiuziki: logbuku. Atatokea mtu mpole atakayetaka karatasi na namba peke yake, bila gari, na kwa bei nzuri. Anazitaka ili azivalishe gari la wizi, na likikamatwa, jina litakalosomwa ni lako. Rudisha namba NTSA na gari lifutwe kwenye rejista.

Na kama lako liko juu ya mawe tangu Krismasi, betri yake bado inauzika kwa uzito wa risasi iliyomo. Anza na hiyo wiki hii.