Mti wa Dawa Ukiwa Hai Una Bei Gani?

Katika safu ya milima ya Western Ghats, magharibi mwa India, huota mti mkubwa uitwao bibhitaki. Matunda yake hukaushwa na kusagwa pamoja na ya haritaki na amla, ikapatikana triphala, dawa ya tumbo inayosifika katika tiba ya Ayurveda. Kwenye mashimo ya shina lake hutaga hondohondo mkubwa. Jike hujifungia humo na kuuziba mlango, akabakiza ufa mwembamba ambao dume humlishia kwa majuma mengi.

Mwenye shamba akikwama fedha, njia nyepesi ilikuwa kuuza mti kama huo kwa mbao au kuni. Shirika la AERF la mjini Pune likaja na hesabu nyingine: likiungana na wanakijiji wa Maharashtra na kampuni ya chai ya Uingereza, Pukka Herbs, liliyatafutia matunda hayo cheti cha FairWild. Mti uliosimama ukaanza kuleta kipato kila msimu.

FairWild ni taasisi iliyoundwa Uswisi mwaka 2008. Cheti chake hakitolewi kwa ahadi. Lazima ijulikane miti iko mingapi, inazaa kiasi gani, na matunda mangapi yaachwe kwa ajili ya wanyama na mbegu. Mkaguzi wa nje hufika kukagua. Tena mvunaji alipwe bei ya haki, na mnunuzi achangie mfuko wa jamii ya mvunaji huyo. Sharti hili la malipo ndilo lenye uzito kuliko yote, na kisa cha mti mwingine, wa huku kwetu Afrika Mashariki, kinaonyesha sababu.

Wachaga huuita mkondekonde, Wakikuyu muiri. Wanasayansi, Prunus africana. Tangu miaka ya 1960 Ulaya hutumia gome lake kutengeneza dawa ya uvimbe wa tezi dume. Mahitaji yalipopanda, miti ilichunwa shina zima ikafa, mingine ikaangushwa kabisa. Mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasitisha kununua gome kutoka Kameruni.

Namna ya kuvuna bila kuua inajulikana: hubanduliwa robo mbili za gome zinazotazamana, mbili zikaachwa, kisha mti ukapumzishwa kwa miaka. Ni kazi ya subira. Mtu anayelipwa senti chache kwa kilo hana uwezo wa kusubiri. Atachuna lote leo, kwa kuwa kesho atakuja mwingine.

Kwa hiyo cheti kisichomfikia mvunaji mfukoni hakiulindi mti. Nawe msomaji, unaponunua magome au mizizi sokoni, muulize muuzaji ilivunwa msitu gani, na kama mti wenyewe ungali hai.