Ng'ombe wa Chuma wa Rumanyika: Riwaya na Hukumu Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Mwenye kusoma historia ya Karagwe hawezi kukosa kukutana na ng'ombe wa chuma wa Omukama Rumanyika. Ni sanamu ndogo za chuma kilichofuliwa. Mtu akizitazama vizuri ataona kwamba mhunzi hakujishughulisha sana na kiwiliwili. Hima yake yote aliiweka katika pembe, ndefu na zenye kupinda, kama zilivyo pembe za ng'ombe wa nchi ile. Makao yake yalikuwa Bweranyange, mji wa wafalme. Leo baadhi ya hazina ile imo katika makumbusho ya Ujerumani na hutazamwa kama kazi ya sanaa.

Wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, huuliza masuala mawili. Je, ni kweli kwamba sanamu hizi zilifuliwa na Waislamu? Na mhunzi Muislamu akiombwa leo kufua mfano wake, afanye nini?

Asili ya maneno haya

Suala la kwanza halikuzuka bure. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika Novemba 1861, na kitabu chake kikatoka mwaka 1863. Katika kueleza nyumba ya mfalme alitaja mikuki iliyotengenezwa kwa ufundi, vyombo vya shaba vyenye umbo la nanga, na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Hizo za chuma alisema zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Kafuro ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiislamu, karibu na Bweranyange.

Kuipima riwaya

Maulamaa wetu wametufundisha kutopokea habari mpaka tumtazame aliyeileta na njia iliyomfikia. Tukiipima habari hii kwa mizani hiyo, tunaona mambo matatu.

Kwanza, Speke ni shahidi wa kuwepo kwa sanamu, kwani aliziona kwa macho yake. Ama mtengenezaji wake, pale hakusema kwamba aliiona kazi ikifanyika, wala hakumtaja aliyemhadithia. Basi sehemu hii ya habari yake haina sanadi.

Pili, watu wa Kafuro tunawajua kwa biashara ya pembe za ndovu na nguo. Mashuhuri wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844, na imepokewa kwamba alimkanya Kabaka Suna juu ya kuua watu na kumtajia Mola aliyewaumba. Hata hivyo, hatuwezi kukataa kabisa kwamba katika misafara yao walikuwemo wahunzi.

Tatu, nchi yenyewe ilikuwa na wahunzi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba chuma kiliyeyushwa katika eneo la Kagera zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nyundo za chuma zilikuwa katika alama za ufalme wa Karagwe. Watu wenye ufundi huo hawakuwa na haja ya mgeni kuwafulia ng'ombe wao.

Kwa hiyo lililo karibu na haki ni kwamba sanamu hizi ni kazi ya wahunzi wa nchi, na habari ya Speke haitoshi kuwabebesha Waislamu wa Kafuro. Asiwepo wa kuwalaumu wazee hao kwa habari hiyo, wala wa kujifaharisha kwayo. Qur'ani (17:36) imetukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo.

Kuna mtego mwingine. Stanley, aliyefika mwaka 1876, alitaja katika hazina ile ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Mwanafunzi anayeijua hadithi ya Jibril (a.s.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ya kuamrisha sanamu ikatwe kichwa iwe kama mti, anaweza kuruka na kusema: "Hii ndiyo alama ya fundi Muislamu!" Hiyo ni dhana tupu. Mambo mawili kufanana si dalili kwamba moja limetokana na jingine.

Hukumu

Ama suala la pili, jamhuri ya maulamaa, kama alivyoeleza Imamu Nawawi katika sherehe ya Sahih Muslim, wanaharamisha kutengeneza sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, kwa sababu ya makamio makali yaliyothibiti kwa Bukhari na Muslim. Haisemwi kwamba kwa kuwa hakuna anayeiabudu, basi inajuzu, kwani illa ya katazo haikukomea kwenye ibada peke yake; imo pia kuiga uumbaji wa Allah. Wala isisemwe kwamba ng'ombe wa Rumanyika ni sawa na ndama wa Samiri. Ndama yule aliabudiwa kwa nassi ya Qur'ani, na sisi hatuna dalili kwamba hawa waliabudiwa. Anayewasingizia watu wa kale shirki bila ushahidi naye ataulizwa.

Kuzitazama kwa ajili ya elimu na mazingatio si sawa na kuzitengeneza wala kuziadhimisha. Mwalimu anaweza kuwaonesha wanafunzi na kuwaeleza historia ya nchi yao pamoja na hukumu ya sheria.

Ama mhunzi wetu, riziki yake ni pana. Afue mikuki na nyundo, kwani hizo nazo zilikuwamo katika hazina ya Bweranyange na hazina roho. Akilazimika kuonesha ng'ombe, basi aache kichwa, kwa kufuata ile hadithi ya Jibril. Hapo atakuwa ameihifadhi kumbukumbu ya wazee wake bila ya kuihatarisha dini yake.

Wallahu a'lam.