Kwa nini gemu za zamani ziliua haraka

Mchukue mtu yeyote, mkalishe mbele ya Pac-Man ya mwaka 1980 au Galaga ya mwaka 1981, na atakufa mara tatu kabla hajajua anafanya nini. Wengi husema ni kwa sababu teknolojia ya wakati ule ilikuwa duni. Ni kweli ilikuwa duni, lakini hilo halielezi ukali wa gemu zenyewe. Ukali ulitokana na sarafu. Atakayetaka kulielewa jambo hili bila kusafiri hadi Tokyo na aende Usenge, mji wa wavuvi wa Yimbo katika kaunti ya Siaya, akae jioni moja kwenye banda la PS (PlayStation), ambapo watu hulipia kucheza.

Tuanze na mashine zenyewe. Zilikuwa makabati ya mbao yenye kimo cha mtu: skrini, kijiti cha kuongozea, kitufe kimoja au viwili, na chini yake tundu la sarafu. Marekani ilikuwa senti 25, Japani yeni 100. Mwenye baa au duka aliyeiweka pembeni mwa ukumbi alikuwa na hesabu moja tu: inaingiza sarafu ngapi kwa saa? Mteja anayecheza nusu saa kwa sarafu moja anamfilisi. Anayekufa ndani ya sekunde 20 naye anamfilisi, maana hataweka ya pili. Ikabidi watengenezaji watafute kifo cha kadiri, kinachomjia mchezaji baada ya dakika chache, na kinachomwacha akiamini kwamba kosa lilikuwa lake na raundi ijayo atalirekebisha.

Kadiri hiyo haikuachiwa watengenezaji peke yao. Ndani ya kabati la Pac-Man mlikuwa na swichi ndogo ndogo. Mwenye mashine alifungua mlango kwa ufunguo wake na kuamua mteja apewe maisha 1, 2, 3 au 5. Aongezewe moja akifikisha pointi 10,000, 15,000 au 20,000, au asiongezewe kabisa. Na sarafu moja inunue mchezo mmoja au lazima ziwe mbili. Gemu ileile iliweza kuwa ya huruma mtaa huu na ya kikatili mtaa wa pili, kutegemea kodi ya nyumba.

Wakati mwingine ukali ulikuja wenyewe. Tomohiro Nishikado alipounda Space Invaders kwa kampuni ya Taito mwaka 1978, prosesa aliyokuwa nayo ilielemewa na kazi ya kuchora maadui 55 kwa pamoja, hivyo wakatembea kwa kujivuta. Kila walipouawa, waliobaki walichorwa upesi zaidi, wakazidi kukaza mwendo, hadi yule wa mwisho akawa anapita mbio. Nishikado aliiona kasoro hiyo akaiacha, naye alifanya vyema: mchezaji hubanwa zaidi pale pale anapodhani amemaliza kazi.

Wachezaji nao hawakulala. Toru Iwatani na wenzake wa Namco waliwapa mizimu minne ya Pac-Man tabia tofauti: mwekundu anakufuata nyuma, wa waridi analenga mahali unakoelekea. Lakini mizimu hiyo haikubahatisha. Ukipita njia ileile kwa wakati uleule, nayo inarudia yaleyale. Watu wakazikariri njia, vitabu vya kuzifundisha vikauzwa, na sarafu moja ikaanza kumweka mtu mashineni muda ambao mwenye duka hakuupangia. Vijana wa kampuni ya General Computer huko Massachusetts walikuwa tayari wanauza vibao vya kielektroniki vya kubadilisha gemu zilizozoeleka. Kimoja cha kubadilisha Pac-Man ndicho kilichozaa Ms. Pac-Man, iliyotoka mwaka 1982, na humo baadhi ya mizimu huanza kila hatua kwa mwendo wa kubahatisha. Aliyekuwa amekariri akarudishwa darasa la kwanza.

Gemu zilipoingia majumbani, sarafu iliondoka lakini ukali ukabaki, maana zilizouzwa kwa ajili ya Atari 2600 nyingi zilikuwa nakala za zile za makabati. Mashine hiyo ya 1977 ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu, na waliotunga gemu zake walilazimika kuichora picha mstari kwa mstari huku televisheni ikiimulika. Mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka kwa wingi wa gemu mbovu, hata Atari ikazika shehena ya kaseti jangwani New Mexico. Julai ya 1983 Nintendo ilitoa Famicom huko Japani, na ni nakala za bei rahisi za mashine hiyo, na kaseti zake zinazojisifu kuwa na maelfu ya gemu ilhali ni chache zinazojirudia, zilizowafikia watoto wengi wa Kenya baadaye sana.

Sasa tuingie bandani. Kuta za mabati, televisheni mbili tatu, benchi, pedi zenye nyaya zilizofungwa selotepu. Kinachochezwa ni mpira, na mpira huuzwa kwa mechi, shilingi 10 au 20. Mwenye banda huingia kwenye mipangilio akafupisha kila kipindi, dakika tatu ama nne, na kidole chake hapo kinafanya kazi ya zile swichi za ndani ya kabati. Kuna sheria zake pia: aliyefungwa ananyanyuka, aliyeshinda anabaki, na stima ikipotea kabla ya mapumziko mechi hurudiwa bure. Hiyo ya mwisho hubishaniwa kwa sauti kubwa.

Kwa nini mauzo ya rejareja yadumu hapa, wakati kwingine mtu hununua mashine akacheza kwake hadi alfajiri? Kwa sababu pesa ya uvuvi haiji mwisho wa mwezi. Mvuvi hulipwa mtumbwi unapotua na samaki wakauzwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa haina maana na nyavu hupumzika. Kisha kuna miezi ya Aprili hadi Julai, ambayo uvuvi wa omena hufungwa. Pesa inayokuja vipande vipande hununua starehe kwa vipande, na mashine ya maelfu ya shilingi haina nafasi katika mfuko wa namna hiyo.

Wazee huliweka banda kapu moja na mashine za bonanza, zile za kamari zilizosambaa madukani hadi vijijini na kumeza sarafu za shilingi 20, mpaka serikali ikazikamata na kuziteketeza kwa wingi mwaka 2018. Zinafanana kwa taa, kelele na tundu la sarafu. Lakini sarafu ya hamsini ndani ya Pac-Man humkuta mchezaji hodari kuliko alivyokuwa kwenye ya kwanza. Ndani ya bonanza, ya hamsini humkuta vilevile alivyokuwa, ila mfuko ni mwepesi. Kwangu mimi tofauti hiyo inatosha kuvitenganisha, ingawa banda nalo si takatifu: vijana huwekeana dau juu ya mechi. Mwenye banda mwerevu hulikataza, wala si kwa uchaji. Ugomvi wa dau huvunja pedi, na pedi moja hula mapato ya siku nzima.