Samaki Aliyebaki Peke Yake: Tumpe Mwenzi Gani?

Katika darasa moja la shule yetu kuna tangi la kioo lenye kuchukua lita 60 za maji. Wanafunzi walilipata kwa zawadi, na siku ile ile wakatia ndani yake samaki sita wadogo waitwao neoni. Neoni ni samaki wa sentimeta 3 au 4 tu. Ubavuni ana mstari wa buluu ung'aao, na chini yake rangi nyekundu mpaka mkiani. Mwezi haujaisha, watano wakafa. Akabaki mmoja.

Huyo aliyebaki alibadilika. Zamani aliogelea katikati ya maji pamoja na wenziwe. Sasa alijificha nyuma ya mmea, rangi zimefifia, na chakula alikitazama asikifuate. Mwanafunzi mmoja akatujia, akasema: «Mwalimu, samaki huyu ana upweke. Tumtafutie mwenzi.» Tulimsifu, maana ameona vema. Lakini mwenzi gani?

Wasomaji wapenzi, yafaa kwanza tujue samaki huyu ni nani. Kwao ni vijito vya Amazon ya juu, katika nchi za Peru, Kolombia na Brazil. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1936, kwa heshima ya Mmarekani William T. Innes, mwandishi wa vitabu juu ya ufugaji wa samaki. Huko kwao huishi makundi makundi, na kundi ndilo boma lake. Adui ajapo, macho mengi humwona upesi kuliko macho mawili. Akishambulia, miili mingi inayogeuka pamoja humchanganya, asijue amkamate yupi. Basi samaki wa namna hii akiwa peke yake hapumziki. Huishi kana kwamba adui yu mlangoni. Hofu ya siku nyingi humdhoofisha, na maradhi hupata njia.

Wanafunzi walileta mashauri manne, nasi tukayapima moja moja.

Wa kwanza alitaka samaki wa dhahabu. Tulikataa. Samaki huyo hupenda maji ya baridi kuliko neoni, huchafua maji mno, na akikua aweza kupita sentimeta 20.

Wa pili alitaka skalare, samaki mpana mwenye mapezi marefu. Huyu naye atoka Amazon, na maji yamfaayo ni kama ya neoni. Lakini tangi letu halimtoshi akikua, na samaki wadogo kama neoni huwa chakula chake. Kutoka nchi moja si kupatana.

Wa tatu alitaka beta, samaki mpiganaji wa Asia. Ni kweli, beta aweza kuishi katika tangi dogo. Lakini yeye hupenda kukaa peke yake na kutetea mahali pake. Kumweka na neoni mmoja mwoga si kumpa mwenzi, bali ni kumpa bwana mkali.

Wa nne alitaka, kwa fahari, samaki wa kwetu: tetra wa Kongo, aliyeelezwa na mtaalamu Boulenger mwaka 1899. Ni samaki mzuri sana; dume lake humeta rangi nyingi, na mkia wake una nyuzi ndefu. Tena si mgomvi. Lakini hufika sentimeta 8, huogelea sana, na humpasa tangi lenye urefu wa mita moja au zaidi. Zaidi ya hayo, yeye pia ni samaki wa kundi. Tukimtia mmoja, tutakuwa na wapweke wawili badala ya mmoja.

Hapo wanafunzi wakaelewa. Wazee husema: ndege wafananao huruka pamoja. Mwenzi wa neoni ni neoni, wala si mmoja tu. Wote pamoja wasipungue sita, na wakifika wanane ni bora.

Je, tuliwanunua siku ile? La. Ilitupasa kwanza kujua sababu ya vifo vya wale watano. Katika tangi jipya, uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wema wa mchangani na wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado. Kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Lakini bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita, au zaidi, ili waongezeke. Sisi hatukuwangoja. Kosa lilikuwa letu, si la samaki.

Kwa hiyo tulipunguza chakula, tukapima maji mara kwa mara, tukabadilisha sehemu yake na kuondoa klorini katika maji ya bomba. Tukaongeza mimea ili mpweke wetu apate kivuli. Pia tulimchunguza vema, kwa maana neoni hupatwa na ugonjwa usio na dawa ya kutegemewa: mwili hupauka mabaka mabaka na mgongo hupinda. Kama angalikuwa nao, kumletea wenzi kungalikuwa kuwaua.

Wanafunzi walinung'unika kwa kungoja. Wengine walisema: «Atakufa kabla yao.» Hata sisi tuliogopa. Lakini vipimo vilipoonyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha, tulinunua neoni saba, tukawaweka kwanza katika chombo kingine muda wa majuma matatu, ili tuone kama wana ugonjwa.

Nanyi wazazi mlio na tangi dogo nyumbani, kama hamwezi kupata kundi la kutosha, msimweke samaki kwa sababu ni wenu. Mpelekeni kwa mwenye kundi la aina yake.

Siku tulipowatia wale saba, mpweke alikaa nyuma ya mmea mpaka jioni. Asubuhi yake tulikuta samaki wanane katikati ya maji, wakigeuka pamoja. Mwanafunzi yule wa kwanza akauliza: «Mwalimu, wetu ni yupi?» Tulitazama sana, na hakuna aliyeweza kumwonyesha.