Fedha Zilizomo Benki na Zisizolipa Kodi ya Pango

Salio la benki ndicho kipimo ambacho mameneja wengi wa mashirika yasiyolenga faida hukitazama kwanza, na ndicho kinachowapotosha kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hakioneshi ni kiasi gani ni mali ya shirika na ni kiasi gani kimefungwa na masharti ya mfadhili.

Aliyeifafanua hali hii kwa uwazi wa kupendeza ni Clara Miller, Mmarekani aliyeongoza kwa miaka mingi Nonprofit Finance Fund, taasisi inayoyakopesha na kuyashauri mashirika ya aina hiyo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2005, Miller aliuchukua mgahawa wa kawaida akauendesha kwa kanuni za misaada: mteja amekwisha kula, na anapotaka kulipa anatoa sharti kwamba fedha zake zitumike kwa mshahara wa mpishi pekee, kwa sababu kwake upishi ndiyo kazi yenyewe na mengine yote ni gharama za pembeni. Yanayofuata kutokana na sharti hilo hayahitaji mhasibu kuyatambua. Vitabu vya mgahawa vinaonesha mapato mazuri, mpishi amelipwa hadi mwisho wa mwezi, lakini gesi imekwisha, mwenye nyumba anadai kodi yake, na mhudumu aliyeileta sahani mezani hana fungu la kumlipa.

Fedha za mteja huyo ndizo wahasibu wanazoziita fedha zenye masharti, yaani zile zinazoruhusiwa kutumika kwa lengo alilolitaja mtoaji tu, tofauti na fedha huru ambazo bodi huzielekeza popote penye haja. Miller anasisitiza kwamba hata ukuaji unaoshangiliwa huweza kulidhoofisha shirika, kwani kila ruzuku mpya isiyolipa gharama kamili ya kazi huongeza pengo, na jengo jipya hugeuza fedha taslimu kuwa kuta zisizoweza kulipa mishahara.

Hatari hii imeonekana pia nje ya mfano wa mgahawa. Hull House ya Chicago, shirika la huduma za jamii lililoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr mwaka 1889, ilifungwa Januari 2012 ikiwa inategemea kwa sehemu kubwa fedha za serikali. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika ya Kenya, Tanzania na Uganda yaliyotoa huduma za VVU kwa fedha hizo yalijikuta yakiwarudisha wafanyakazi nyumbani.

Kuwatwika mameneja lawama yote ya udhaifu huu si haki, maana wengi wao ni wauguzi, walimu na maofisa ustawi wa jamii waliopanda kwa kuipenda kazi, wakakabidhiwa mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, bila kufundishwa kuisoma. Na hata aliyefundishwa, ataikataaje ruzuku isiyotosha ilhali kuikataa ni kufunga zahanati? Nani atalipia ukaguzi wa hesabu ambao mfadhili anaudai lakini hataki kuugharimia?

Wajumbe wa bodi wanaweza kuanza na swali moja katika kikao kijacho: wafadhili wote wakisitisha misaada leo, fedha huru zilizopo zitalipa mishahara ya miezi mingapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mfadhili apewe nakala.